Spishi Yangu Mpya Ilinukia Chai

Haya jamani ngoja niwape hii, mwaka umeshapita sasa naweza kuisema bila kujifunika uso. Nilikuwa nafanya masta, kazi yangu kepa za mwituni za huku Pwani ya Kenya. Kama kepa huzijui, ni zile punje za kijani chachu watalii wanawekewa juu ya piza, ni vitumba vya maua ya Capparis spinosa wa huko Mediterania, na huku kwetu ana ndugu kibao, kuna Capparis cartilaginea anaota kwenye miamba ya matumbawe bahari ikimrushia chumvi, kuna tomentosa wa vichakani mwenye miiba iliyopinda kama kucha za paka (suruali zangu mbili zilibaki huko). Na mabingwa wenyewe hawaelewani, huyo cartilaginea wengine wanasema ni spishi kivyake, wengine wanamtia chini ya spinosa. Ndio mtu akaambiwa aende kwa DNA.

Njia yenyewe inaitwa ISSR. Unasaga jani, unatoa DNA, unatia praima (vijipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala), unapiga PCR (kunakili DNA mara nyingi), unakimbiza kwenye jeli zinatoka bendi kama vidato vya ngazi, bendi ipo unaandika 1 haipo 0, kisha kompyuta inakuchorea nani ndugu ya nani. Ubaya wake haichagui, praima zake zinashika vipande vya DNA vinavyojirudia-rudia na mimea yote inavyo. Hilo nililisoma. Nililijua kabisa.

Sampuli 24. Ishirini na tatu zimekaa na jamaa zao vizuri, namba 17 iko huko mbali peke yake kama mgeni wa harusini asiyejulikana kaalikwa na nani. Nikaangalia kontroli ya maji (kijichupa cha PCR kilichotiwa maji badala ya DNA), safi, hakuna hata bendi moja. Nikasema wallahi huu si uchafu, hii ni spishi mpya.

Kosa langu nikampigia mama. Nikamwambia jina la Kilatini likitoka kwa mwanamke huishia na -ae, na hili litakuwa lake. Kabla ya magharibi grupu la familia hongera tupu, mjomba anauliza huo mti kilo bei gani.

Prof hakucheka. Akasema spishi haitangazwi kwa jeli moja, soma kwanza jeni ya rbcL, ile inayotumika kutambulisha mimea. Majibu yakaja, nikayalinganisha na ya GenBank, hazina ya DNA ya mtandaoni. Zingiber officinale.

Tangawizi.

Prof akatuita wote. "Nani amesaga tangawizi kwenye kinu cha maabara?" Watu wakaangaliana, mimi pia nikawaangalia watu, tena kwa hasira, halafu pole pole kikaniingia kibaridi. Ule usiku wa mafua. Nilikesha pale, chai bila tangawizi haishuki, kinu kidogo cha kauri kiko mbele yangu, nikasema nitakiosha asubuhi. Asubuhi nikakipangusa na tishu nikasagia namba 17, ambayo jani lake lilikuwa limeniozea njiani, DNA yake yenyewe ya kuokoteza, basi tangawizi mbichi ikajitawalia. Na ile kontroli ya maji inapima dawa za PCR tu, habari za kinu haina, ningepitisha sampuli tupu tangu kwenye kusaga ningejua mapema.

Sasa kinu hicho wiki nzima kilikuwa kimesagia majani na ile dawa inayonuka mayai viza. Chai nilikunywa vikombe viwili na nikaisifu. Msiniulize.

Mama mpaka leo akipiga lazima aulize, "Mwanangu, mti wangu ushatoka?" Juzi nikachoka nikamwambia mama, mti wako uko sokoni, unauzwa kwa fungu. Akanyamaza kidogo. "Basi ukija niletee mafungu mawili, na limau."