Shingo Hii Hailazwi

Asubuhi ya leo nimeshindwa kufunga kifungo cha juu cha shati. Si kwamba shati limebana, la hasha. Mikono ndiyo iliyogoma kupanda, na mama watoto, badala ya kunipa pole, aliniuliza kwa upole unaoudhi kama jana ni mimi niliyeendesha pikipiki au ni pikipiki iliyoniendesha mimi. Sikumjibu. Mtu mwenye heshima zake hajibizani na anayemfungia vifungo.

Wenye vigari vya ubavuni, vile viti vya abiria vyenye gurudumu lake vinavyofungwa kando ya pikipiki, wananielewa. Pikipiki ya magurudumu mawili unailaza kidogo nayo inakata kona bila ugomvi. Ukishaifungia kigari hailali tena, kwa hiyo kona zote unazikata kwa nguvu za mabega, kama mtu anayemgeuza fahali kwa kumshika pembe. Mchawi wa yote haya ni umbali mmoja mdogo. Ukiuchora mstari wa mhimili wa usukani ukaushusha hadi chini, utagusa ardhi mbele ya mahali tairi la mbele linapokanyaga, na nafasi iliyopo hapo kati ndiyo inayolirudisha gurudumu katikati kila ukitaka kuligeuza. Kwa asiyefunga kigari hiyo ni baraka, maana pikipiki inanyooka yenyewe. Kwangu ilikuwa milimita 113, na nilipogeuza usukani ilinirudishia zote.

Niliipima mwenyewe, kwa timazi na rula ndefu, nikiwa nimelala kifudifudi hadi jirani akaja kuuliza kama nimeanguka. Afisa wa bima alitaka kujua kama chombo changu ni pikipiki au gari. Nikamwambia aandike anavyoona. Muuza tairi alicheka tu, nami nikamwacha acheke.

Kisha nikaenda kwa fundi.

“Mzee, dawa yake ndogo,” akasema, jicho moja limefumba, grainda mkononi. “Tunakata shingo ya fremu, pale unapopita mhimili wa usukani, tunailaza digrii tano, tunachomelea. Jioni unaondoka.”

Nikamwomba kwa adabu aiweke grainda chini, tuzungumze kwanza kama watu wazima. Nikamweleza kwamba tunachotaka ni kupunguza treili (ndilo jina la ule umbali wangu). Fundi akachungulia nje, akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudi. “Treila umeiacha wapi?”

Ndipo nilipoomba chaki. Nikachora sakafuni gurudumu, shokapu na ardhi, lakini kwa kuwa mchoro wangu ulimpendeza kuku kuliko fundi, kijana wake aliagizwa alete ufagio uwe mhimili wa usukani na kifuniko cha kopo la rangi kiwe tairi. Fundi akaulaza ufagio. Ncha yake ikasogea mbele sakafuni.

“Si ndiyo hiyo imesogea mbele?”

“Imesogea, fundi, na hilo ndilo tatizo.”

“Wewe si ulisema unataka isogee mbele?”

“Nataka gurudumu lisogee, mstari ubaki.”

Akanitazama kama anavyotazamwa mgonjwa wa homa anayeanza kuzungumza na ukuta. Nami sikumlaumu sana, kwa sababu hapo ndipo penye mtego wenyewe: pikipiki iliyolazwa shingo na pikipiki iliyolazwa shokapu peke yake, ukiziona kwa mbali, ni ndugu wa tumbo moja, zote zimetanguliza gurudumu mbele kama mtu aliyenyoosha miguu barazani. Lakini ya kwanza inaurefusha umbali ule na ya pili inaufupisha. Kwa tairi langu lenye nusu kipenyo cha milimita 300 na shingo iliyolala digrii 27, hizo digrii 5 zake zingeipandisha 113 yangu hadi 146, na leo nisingekuwa nalalamikia kifungo kimoja, ningekuwa nalishwa kwa kijiko. Ila ukiiacha shingo ilivyo, ukabadilisha zile bamba mbili zinazobana shokapu ili zenyewe ndizo ziilaze shokapu digrii 4, basi kwa urefu wa milimita 700 toka bamba hadi ekseli gurudumu linatangulia karibu milimita 49, na ule umbali unashuka hadi 58 hivi.

Nilimweleza hayo mara tatu. Mara ya kwanza kwa ufagio, mara ya pili kwa hesabu, mara ya tatu, Mungu anisamehe, kwa kupiga kelele. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, na mzee mmoja asiyehusika kabisa, aliyekuja kuziba pancha ya baiskeli, akaunga mkono upande wa shingo kwa hoja kwamba pikipiki ndefu inapendeza.

“Mzee,” fundi akaniambia, akiufuta mchoro wangu kwa kiatu, “umeleta pikipiki au umeleta mtihani?”

Jamani! Waliomiliki BMW za kati ya 1955 na 1969 hawakubishana na ufagio wa mtu. Pikipiki zao ziliundwa na mkono wa mbele wenye mahali pawili pa kufungia egemeo, pa kwanza pa kuendesha bila kigari na pa pili pa kigari, kwa hiyo mtu alishika spana, akahamisha bolti, akanawa mikono. Mimi nimerudi nyumbani na 113 zangu zote, kona baada ya kona, na ndiyo maana ya kifungo.

Bamba nimempelekea mtu wa kukereza vyuma, ambaye hakuuliza chochote, na sijui kama hiyo ni dalili njema. Hata hivyo najua yanayonisubiri. Umbali ukishapungua usukani unakuwa mwepesi, kisha kwenye mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa unaanza kutikisika kama kichwa cha mtu anayekataa deni, kwa hiyo inatakiwa shokapu ndogo ya kuutuliza usukani, ambayo nayo inataka mahali pa kufungiwa, ambapo hapapo. Taa itatazama kwingine kwa sababu imeshikwa na bamba zilezile. Mpira wa breki nimeupima kwa uzi: umepungua vidole viwili.

Na bado sijagusa gurudumu la kigari, ambalo lazima lielekezwe ndani kidogo, au chombo kizima kitajivutia upande wake na tairi zitalika kama kifutio. Isitoshe, kigari kikiwa kitupu hunyanyuka hewani ukikata kona ya upande wake kwa pupa, kwa hiyo huwa ninakipakia mfuko wa mchanga mahali pa abiria, kwa kuwa abiria mwenyewe, aliyenifungia kifungo, amekataa kupanda. Mfuko huo umetoboka, mchanga umetapakaa kitini, na paka wa jirani amekwisha kuujua.