Kambi za jeshi zikiondoka Dar es Salaam, mtaa wa getini unabaki na nani?

Tangu mabomu yaliyolipuka katika maghala ya jeshi, yale ya Mbagala ya Aprili 29, 2009, na yale ya Gongo la Mboto ya Februari 16, 2011, hoja ya kuziondoa kambi za jeshi katikati ya makazi ya Dar es Salaam haijazimika. Kila tukio liliua watu zaidi ya 20, likabomoa nyumba na kutawanya vyuma vya moto mitaani. Usiku ule wa Gongo la Mboto maelfu walikimbilia Uwanja wa Uhuru, wazazi wakiulizia watoto waliopotezana nao njiani. Sasa serikali imehamia Dodoma, na Makao Makuu ya Ulinzi wa Taifa yamepangiwa Kikombo, hukohuko Dodoma. Hoja ya zamani imepata nguvu mpya: kama Ngome, yaani makao makuu ya jeshi yaliyoko Upanga, inahama, vikosi vingine vinabaki mjini kufanya nini?

Hoja hiyo naiunga mkono kwa sehemu, na sehemu nyingine naipinga. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mjadala wote unaendeshwa kana kwamba wahusika ni wawili tu, jeshi na serikali kuu. Halmashauri, ambazo ndizo zitakazobaki na mtaa siku lori la mwisho likitoka getini, sauti yao haisikiki.

Wanaotaka kambi ziondoke wana jambo moja lisilojibika. Ghala la silaha halipaswi kupakana na shule, soko na vyumba vya kupanga. Hapo sioni cha kupima. Hakuna leseni ya biashara wala kodi ya pango inayofidia mtoto aliyepotea usiku, na yeyote anayetetea ghala libaki kwa sababu askari ni wateja wazuri aende kwanza Mbagala akazungumze na waliojenga upya nyumba zao.

Jeshi nalo lina jibu lake, na si jibu jepesi. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu takriban 273,000. Ya mwaka 2022 iliwakuta 5,383,728. Lugalo ya leo, ambayo wakati wa maasi ya askari ya Januari 1964 iliitwa Colito, ilikuwa nje kabisa ya mji. Mji ndio uliokwenda kambini. Nani aliuruhusu? Watu walinunua viwanja kwa hati za kuandikishiana mbele ya wenyeviti wa serikali za mitaa, barabara zikachongwa, umeme ukaletwa, na halmashauri zikakusanya kodi ya majengo kwenye nyumba zilezile ambazo baadaye ziliitwa uvamizi. Kwa hiyo jeshi linaposema wananchi wameifuata kambi linasema kweli, ila ukweli huo haumshtaki mwananchi peke yake. Unamshtaki pia aliyekuwa na mamlaka ya kupanga mji na hakupanga.

Kambi, hata hivyo, si ghala la silaha peke yake. Ndani ya eneo la Lugalo ipo Hospitali Kuu ya Jeshi, inayotibu raia wengi, na ipo Shule ya Sekondari Makongo. Kule Mgulani, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ina Shule ya Sekondari Jitegemee. Ndani ya kuta za kambi ndimo yalimobaki maeneo makubwa yenye miti na ardhi isiyozibwa na saruji, katika jiji ambalo viwanja vya wazi vimemegwa kimoja kimoja hadi watoto wanachezea barabarani. Ulinzi wa jeshi umeyahifadhi maeneo hayo bila kukusudia kazi ya mazingira, na sina uhakika kama mamlaka ya kiraia ingeyahifadhi vizuri hivyo.

Halafu kuna mtaa wa getini, ambao ndio hasa ninaotaka kuuzungumzia.

Mbele ya kila kambi kubwa umeota uchumi wake: mama ntilie wa chai ya alfajiri, kinyozi, duka la dawa, wakala wa fedha za simu, baa mbili tatu, kijiwe cha bodaboda, fremu za vifaa vya nyumbani, na nyuma yake vyumba vya kupanga. Mteja wa mtaa huu ana sifa ambayo wateja wengi wa Dar es Salaam hawana. Mshahara wake unaingia. Kwa sababu unaingia, mwenye duka anathubutu kukopesha kwa daftari: mchele, sukari, maziwa ya mtoto, yote yameandikwa, na mwisho wa mwezi yanafutwa. Daftari hilo ndilo mtaji wake. Wake wa askari nao wamo humohumo, wanauza mboga gengeni, wanacheza upatu na majirani wa kiraia, wanawekeana dhamana kwenye vikoba. Serikali ilipoondoa mwaka 2016 msamaha wa kodi katika maduka ya majeshi na kuuweka utaratibu wa posho, mazoea ya askari kununua nje ya geti yalipata sababu ya kuongezeka.

Kikosi kikihama, daftari linahama nacho. Askari hupewa amri ya kuhama, na hawezi kusubiri hadi amalize deni la duka. Upatu unakatika kabla waliochangia mwanzo hawajapokea. Mwenye fremu ndiye anayeumia kuliko wote, maana kodi ya fremu mjini hapa hulipwa ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Aliyelipa mwezi wa kwanza na kambi ikafungwa mwezi wa pili anabaki na ufunguo wa chumba kisichopitiwa na mtu.

Anayeona ninatia chumvi aangalie Ubungo. Februari 2021 mabasi ya mikoani yalihamishiwa Mbezi Luis, kwenye kituo kipya chenye jina la Magufuli. Sababu za kuhama zilikuwa nzuri: msongamano ulikuwa umezidi, na kituo cha zamani kilikuwa kimebanwa na ujenzi wa barabara. Lakini nyumba za wageni, wauza maji, wabeba mizigo na mama ntilie waliokuwa wakiishi kwa abiria wa alfajiri walitakiwa kujipanga wenyewe. Mwenye mtaji alifuata mabasi Mbezi. Asiye nao alibaki. Kisha ardhi ile ikajengwa kituo kikubwa cha biashara cha Afrika Mashariki, EACLC, chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichozinduliwa mwaka 2025 kwa mtaji wa wawekezaji kutoka China. Sisemi mradi huo ni mbaya. Ajira zipo, na wafanyabiashara wa kati wana mahali pa kupanga. Ila aliyekuwa akiuza karanga na mayai ya kuchemsha kwenye lango la kituo hakuwa na njia ya kuingia katika jengo hilo, na sioni dalili kwamba mpango wa jengo hilo ulimfikiria.

Ninahofia jambo lilelile kwa ardhi ya kambi, tena kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa sababu ardhi ya kambi ni pana, imenyooka, iko kando ya barabara kuu, na haina wakazi wa kulipwa fidia. Kwa mwekezaji hiyo ni ardhi ya kutamanika kuliko zote mjini. Siku itakapotoka jeshini itatakiwa na watu wenye nguvu kabla diwani wa kata hajaona ramani.

Halmashauri zetu zina historia gani ya kuwapanga wafanyabiashara wadogo? Mbili zinatosha. Machinga Complex pale Ilala ilijengwa na Halmashauri ya Jiji kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kwa nia njema ya kuwatoa wamachinga barabarani, na kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vikakaa vitupu kwa sababu wateja hawakupanda ngazi kutafuta soksi. Kisha Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kwenye hifadhi za barabara jiji zima na kupelekwa maeneo ambayo mengine hayakuwa na choo wala njia ya daladala. Mara zote mbili lilitafutwa jengo au uwanja kwanza, mteja akafikiriwa baadaye. Mtaa wa getini ukipoteza kambi utahitaji kinyume chake: kwanza tujue nani atakuwa anapita pale baada ya askari, ndipo tuamue kinachojengwa.

Upande wa pili wa hoja hii upo, na ni wa mji huuhuu. Kariakoo ilikuwa eneo la kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza, baada ya kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Leo ndiyo moyo wa biashara ya nchi, na wanunuzi wanatoka Zambia, Kongo na Malawi kuja kufunga mzigo pale. Kambi ile iligeuka kuwa mji kwa viwanja vidogo, nyumba za Kiswahili zenye vyumba vya kupanga na baraza la kuuzia, kila mwenye nyumba akiwa mfanyabiashara wa kiasi chake. Maghorofa yalikuja baadaye kabisa. Kwa hiyo wanaosema kuondoka kwa jeshi ni neema kwa biashara hawajaota. Wana ushahidi chini ya miguu yao.

Kwa mbali zaidi, ipo mifano miwili ninayoirudia mara kwa mara. Marekani ilipoondoka kwenye kambi ya wanamaji ya Subic, Ufilipino, Novemba 1992, makumi ya maelfu ya wenyeji walikuwa wakitegemea kazi za kambi ile. Meya wa Olongapo, Richard Gordon, alikusanya wenyeji wapatao 8,000 wa kujitolea, wakalinda majengo na mitambo isiporwe, na mwaka 1995 kampuni ya kusafirisha vifurushi ya FedEx ikaweka pale kituo chake cha Asia. Ilikuwa kazi ya kuheshimika. Lakini mwaka 2009 FedEx ikahamia Guangzhou, China, na mji ukajikuta tena umempoteza mteja mkubwa. Freiburg, Ujerumani, ilifuata njia nyingine. Wanajeshi wa Ufaransa walipoondoka mwaka 1992, baraza la mji lilinunua eneo la Vauban, la hekta 38 hivi, likalikata vipande vidogo na kuviuza kwa vikundi vya wananchi waliotaka kujenga pamoja. Leo wanaishi pale watu zaidi ya 5,000, na maduka yao yako chini ya nyumba zao. Freiburg ilikuwa na fedha ambazo Temeke haina, hilo nalikubali. Ila kuikata ardhi vipande vidogo si jambo la utajiri, na Kariakoo ilishafanya hivyo bila kwenda Ulaya.

Halmashauri haiwezi kuamua kambi ihame au ibaki. Ardhi yote ya nchi iko chini ya udhamini wa Rais, na ulinzi si kazi ya Baraza la Madiwani, wala sitaki iwe. Tena tangu Februari 2021, ilipovunjwa Halmashauri ya Jiji ya zamani na Ilala kupandishwa kuwa Jiji, hakuna baraza moja la kuchaguliwa linalotazama Dar es Salaam nzima. Gongo la Mboto iko Jiji, Mbagala iko Temeke, Lugalo iko Kinondoni. Kila halmashauri itakutana na jeshi kivyake, ikiwa na mkurugenzi wake na afisa mipango miji wake. Huu ni udhaifu, na ofisi ya mkoa haiuzibi, kwa kuwa mkoa hautoi leseni wala haupangi fremu.

Lakini yapo yaliyo mikononi mwao. Halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake, kwa hiyo inaweza kuandaa mapema mpango wa matumizi ya ardhi unaosema wazi kwamba eneo la kambi likiachwa, hospitali na shule zinabaki, miti inabaki, na sehemu ya biashara inakatwa kwa viwanja vya ukubwa ambao mwenye duka la getini anaweza kuulipia. Mpango wa namna hiyo ukipitishwa na madiwani kabla ya kambi kuhama, atakayekuja kuitaka ardhi yote kwa mkupuo atalazimika kuubadili hadharani. Halmashauri inaweza pia kusamehe ushuru wa vizimba kwa kipindi cha mpito. Ina asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayokopeshwa kisheria kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mama ntilie anayepoteza wateja kwa uamuzi wa serikali anastahili kuwa mbele katika foleni hiyo kuliko kikundi kilichoundwa wiki iliyopita kwa ajili ya mkopo.

Yote haya yanahitaji kitu kimoja kutoka jeshini, nacho ni tarehe. Naelewa usiri wa jeshi na ninauheshimu. Idadi ya silaha ni siri. Njia ya kuzihamisha ni siri, na baada ya tulichokiona Gongo la Mboto nadhani inapaswa kuwa siri kubwa zaidi. Lakini kwamba familia za kikosi fulani hazitakuwepo pale baada ya Juni mwakani si siri inayoweza kulindwa, maana watoto watahamishwa shule na vyumba vitarudishwa kwa wenye nyumba. Mtaa utajua tu, ila utajua kwa tetesi, wiki mbili kabla, wakati kodi ya fremu imeshalipwa. Notisi ya mwaka mmoja kwa mkurugenzi wa halmashauri husika ingempa mwenye duka nafasi ya kukusanya madeni ya daftari, kukataa mkataba mpya wa pango, na kuamua kama anafuata kikosi au anabaki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: maghala yaondoke sasa, na makazi ya askari, hospitali na shule visiguswe hadi halmashauri ziwe na mpango uliopitishwa na madiwani. Bajeti za halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai Mosi, na vikao vya maendeleo vya kata hukaa kabla ya hapo. Madiwani wa Kinondoni, Temeke na Jiji hawahitaji kusubiri tangazo kutoka Upanga wala Kikombo ili kumwagiza afisa mipango miji aanze kuchora, na afisa biashara aanze kuorodhesha nani anauza nini mbele ya kila geti.