Hoteli ya Watu Wazima

Simu yangu inaongea Kiswahili. Niliiweka hivyo nilipofika Uingereza, wala si kwa uzalendo. Ukishinda ghalani saa kumi unaamrishwa kwa Kiingereza cha watu wa huku, jioni ubongo unadai haki yake. Basi kila ukurasa nikiufungua, simu inaugeuza Kiswahili yenyewe, nami nasoma nimelala chali. Hilo ndilo lililoniponza.

Shangazi yangu alikuwa anatimiza miaka 60. Yeye ndiye aliyenipokea hapa Reading, akanipa chumba, koti na maonyo. Kazi yake ni kutunza wazee: anawaogesha, anawalisha, anawasikiliza wakisimulia vita walivyopigana na vingine ambavyo hawakupigana. Miaka yote hiyo hajawahi kwenda likizo ya kupumzika. Ruhusa zake zote huishia Muheza, na Muheza si likizo, ni kikao cha ukoo chenye michango.

“Mwaka huu nataka kwenda mahali patakatifu,” akaniambia. “Na wewe ndiye utakayepanga, baba, maana unajua mambo ya mtandao.”

Kujua mambo ya mtandao maana yake ni kwamba siku moja nilimsaidia kupata nywila yake iliyopotea.

Yerusalemu tuliigusa, bei ikatuunguza. Tukashuka daraja: kama hatufiki alikosulubiwa Bwana, basi tufike alikopita Paulo. Shangazi akafungua Matendo ya Mitume, sura ya 13. Paulo na Barnaba wakasafiri hadi Kipro, wakafika Salami, wakakikata kisiwa chote hadi Pafo. Na Barnaba mwenyewe ni mzaliwa wa huko huko. “Hapa,” akasema, akakandamiza kidole mpaka karatasi ikabonyea.

Kipro ya Biblia ndiyo Kupro ya leo, kisiwa cha Mediterania. Usiku ule nikaingia mtandaoni na jina likanijia lenyewe: Ayia Napa. Nikasoma. “Ayia” kwa Kigiriki ni takatifu. “Napa” ni bonde lenye miti. Bonde Takatifu! Katikati ya mji kuna monasteri ya Bikira Maria ya enzi za Wavenisi, na nje yake umesimama mkuyu unaosemekana una miaka zaidi ya 600. Mkuyu, jamani. Mti wa Zakayo. Nilikaa kitandani.

Hoteli nayo nikaipata dakika ile ile, na maelezo yake nayakumbuka kama shairi la shule: “Hoteli ya watu wazima pekee. Mazingira changamfu. Hatua chache kutoka monasteri. Kila Jumatano usiku: povu bila malipo.”

Sasa wewe msomaji niambie, ungeelewa nini? Mtu mzima kwetu ni yule unayempisha kiti kwenye daladala. Nikawaona wastaafu wa Kiingereza wamevaa kofia za ukili, wanacheza karata, wanalala saa mbili. Mtu mchangamfu ni yule anayekukaribisha kabla hujamaliza kupiga hodi. Kwenye povu nilisita kidogo, nikiri. Kisha nikaona mbona jambo lenyewe ni rahisi: Jumatano wanafulia wageni bure.

Nikampelekea Shangazi picha ya ukurasa. Akapiga simu hapo hapo.

“Hoteli ya watu wazima, hapo umefanya la maana. Watoto wa huku wanapiga kelele mno. Na wanafua! Basi sibebi nguo nyingi.”

Palikuwa na bei mbili, ya kawaida na ile ya chini isiyo na kurudishiwa fedha. Nikabonyeza ya chini. Mimi ni mtu wa kubana matumizi.

Zikapita wiki tatu. Siku moja ghalani, wakati wa chai, kijana mmoja wa Kiingereza akaniuliza likizo naenda wapi. Nikamtajia. Akapiga mbinja, akanigonga bega kama mtu aliyegundua kumbe tu ndugu. Naenda na nani? Na shangazi yangu, anatimiza 60, ni mtu wa kanisa. Chai ikamtokea puani.

Akanionyesha video kwenye simu yake. Nitasema tu kwamba watu wazima walikuwepo, na walikuwa wazima wa afya, na sehemu kubwa ya uzima wao ilikuwa nje.

Ndipo nikasoma sawasawa, safari hii kwa Kiingereza. Ayia Napa kilikuwa kijiji kidogo cha wavuvi. Watalii walikuwa wakienda Famagusta, jirani hapo, hasa kwenye fukwe za mtaa wa Varosha. Mwaka 1974 vita vikakigawa kisiwa, Varosha ikazungushiwa seng’enge, na biashara yote ya ufukweni ikahamia kwa wale wavuvi. Mahoteli yakaja, mabaa yakaja, na vijana wa Uingereza wakaja kucheza muziki hadi jua linachomoza. Monasteri haikusogea hata hatua. Ni mabaa yaliyoifuata yakaizunguka, kwa hiyo “hatua chache kutoka monasteri” maana yake ni katikati ya kelele zote. Hoteli haikunidanganya hata neno moja. Nilijidanganya mwenyewe, kwa Kiswahili fasaha.

Nikaenda kumwambia ukweli. Nilienda mara tatu. Ya kwanza nikamkuta na fundi anapimwa gauni la kitenge la safari. Ya pili alikuwa ameshatangaza kanisani. Ya tatu akanifungulia bahasha: akina mama wenzake walikuwa wamechanga pesa za mishumaa, na majina ya kuombewa 11 yameandikwa kwa mkono, mengine na namba za ugonjwa, presha 160 kwa 100. Nikala wali maharage, nikarudi nyumbani. Usiniite mwoga mpaka uwe na shangazi.

Tukapaa kutoka London kwa muda wa saa nne na nusu hivi, tukashuka Larnaca usiku. Shangazi alikuwa mchangamfu kuliko hoteli. Ana saa moja ya mkononi yenye mkanda uliopasuka, na tangu aje Uingereza hajawahi kuigeuza. Inasoma saa za Muheza, na ukimuuliza wakati anakutolea hesabu. Sasa Kupro wakati wa kiangazi inalingana saa na Afrika Mashariki. Akaitazama saa ya ukutani pale uwanjani, akaitazama yake, akaitazama tena. “Unaona, baba? Hata saa imekubali.” Teksi nayo ikapita kushoto kama kwetu, maana Mwingereza alitawala huko pia mpaka 1960. Mimi jasho linanitoka.

Tuliingia mjini yapata saa saba usiku. Barabara imejaa pomoni. Taa za zambarau, muziki unaopiga kifuani, vijana wanapita na vile vipikipiki vya magurudumu manne, wengine wamebebana mgongoni. Shangazi akashusha kioo.

“Baba, kuna msiba?”

“Hapana, Shangazi.”

“Harusi?”

“Hapana.”

“Sasa watu wote hawa nje saa hizi wanafanya nini?”

Hapo shetani akanipitia, tena kwa mlango wa kanisa. Nikakumbuka tarehe. Tulikuwa tunaamkia 15 Agosti, sikukuu kubwa ya Bikira Maria, na Wakupro wanaiheshimu sana.

“Mkesha,” nikasema.

Shangazi akanyamaza. Akamtazama binti mmoja aliyevaa kitu ambacho kwetu kingetosha kufungia bahasha. Akapiga ishara ya msalaba taratibu.

“Vijana wa huku wanampenda Mungu,” akasema. “Ila joto limewazidi.”

Usiku ule kitanda changu kilikuwa kinatembea kwa ngoma za ghorofa ya chini. Yeye aliweka pamba masikioni akalala kama mtoto. Nyumba ya wazee imemzoesha makubwa kuliko hayo. Asubuhi tukashuka kula. Ukumbi mzima tulikuwa sisi wawili na kijana mmoja mwenye miwani ya jua, amelaza shavu juu ya mkate.

“Wazee wako wapi?”

“Wamelala bado, Shangazi.” Hapo sikusema uongo. Hoteli yote iliamka saa nane mchana.

Monasteri tuliikuta. Watawa hawamo tena, siku hizi ni makumbusho, lakini kuta nene zipo, kisima cha mawe kipo, na ndani kuna kivuli kizito na ukimya ambao sikuutarajia, ukizingatia kwamba hatua arobaini hivi kutoka langoni mtu alikuwa anafagia vikombe vya plastiki. Mkuyu nao upo, shina limefura na kujikunja, matawi yamewekewa nguzo kama mzee aliyeshikwa kwapa. Shangazi akaupapasa kwa kiganja, akasema polepole, “Zakayo, shuka upesi,” akacheka peke yake.

Langoni palikuwa na vijana sita wa Kiingereza, wamesimama kama kuku walionyeshewa. Walitaka kuingia, lakini walikuwa na nguo za kuogelea tu na walikuwa wanaona haya. Shangazi hatembei bila khanga. Akafungua pochi akatoa khanga pea mbili, akazipasua vipande vinne, akamwomba mmoja wao taulo lake, la sita akatoa mtandio wa kichwani mwake. Akawafunga mmoja mmoja kwa mikono yake, anawakaza kiunoni kama anavyowafunga wale wazee wake bandeji. Kijana mmoja mrefu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, anatapatapa kwa pombe ya jana, akaingia monasterini na maandishi makalioni: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Mishumaa 11 tukaiwasha, tukaichomeka kwenye mchanga kama wafanyavyo Waorthodoksi. Akasoma majina yote. Presha akazitaja na namba.

Tangu hapo mambo yakanitoka mikononi. Wale sita wakamfanya wao. Ufukweni Nissi wakampeleka hadi kile kisiwa kidogo, unavuka kwa miguu tu maji yakiwa kiunoni, wamemshika huku na huku, dera limejaa upepo kama tanga la ngalawa. Jioni wakamnunulia loukoumades. Akauma moja, akafumba macho. “Hizi kaimati!” Na kweli ni kaimati, hata jina ni la ukoo mmoja, zimetoka Uarabuni zikagawana njia. Akala sahani mbili na kutoa kasoro moja: hazina iliki.

Jumatano ikafika.

Nilikuwa nimeomba kwa siri aisahau. Saa nne usiku nikasikia mlango wake. Nikatoka. Alikuwa kwenye korido amekumbatia furushi la nguo chafu zote za wiki, zimefungwa kwa shuka, na juu yake kipande cha sabuni, “kama ya kwao haitatosha.”

“Shangazi, ile povu...”

“Imeanza. Nimeiona dirishani.”

Bwawani palikuwa na watu labda 200. Mzinga mmoja mkubwa umewekwa juu ya jukwaa, unatema povu kama ng’ombe aliyekula mihogo mibichi. Limeshafika vifuani. Shangazi akasimama ukingoni na furushi lake, akanyoosha mkono, akachota kidogo, akalisugua kati ya vidole viwili, akanusa.

“Jepesi,” akasema. “Ila linatoka kwa wingi.”

Halafu akaingia.

Nilimfuata nikiwa na viatu. Simwoni, naona furushi tu linakwenda juu ya povu kama mtumbwi. Nikasikia mlio mkubwa wa furaha: wale sita wamemwona. Dijei akapunguza muziki, akasema kitu kwenye kipaza sauti, watu wakapisha. Nilipomfikia alikuwa tayari amemvua mtu fulana na anamfundisha. “Kola kwanza! Kola ndiyo inabeba uchafu.” Akawa anafikicha, chwi chwi chwi, wenzake wanafikicha, na wengine wasiojua lolote wakadhani ndiyo mtindo mpya wa kucheza. Nusu ya bwawa ilikuwa inafikicha. Hakuna nguo iliyotakata, nakuhakikishia. Dera lake la bluu likarudi na madoa ya soda ambayo halikuwa nayo.

Kesho yake tuko kwenye viti vya ufukweni, simu yake ikalia. Mmoja wa wale vijana alikuwa amempelekea picha. Inaonyesha weupe mtupu, na juu yake vichwa saba vinacheka, cha katikati ni cha Shangazi. Kabla sijamzuia alikuwa ameshaituma kwenye grupu la ukoo.

Muheza wakajibu dakika ile ile. Baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa, akaandika: “Dada, hiyo ni theluji?”

Shangazi akavaa miwani. Jua lilikuwa linatuchoma, nyuzi 33, mchanga hauguswi. Akafikiri. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja: “Ndiyo.”

“Poleni sana na baridi,” akajibu Baba mdogo. “Hao vijana ni kwaya?”

“Ndiyo.”

Nikamgeukia mdomo wazi. Akaweka simu kwenye pochi, akajifunika uso kwa kofia.

“Unanitazama nini?” akasema kutoka chini ya kofia. “Ule mkesha ulikuwa wa parokia gani?”