Uthibitisho wa maabara pekee hautoshi
Makala ninayoijibu inadai kwamba rejista ya saratani (orodha ya wagonjwa wote wa saratani wa eneo fulani) ambayo karibu wagonjwa wake wote walithibitishwa kwa hadubini ndiyo yenye takwimu bora, dai ambalo mimi, niliyewahi kuzikusanya, silikubali. Kiwango cha waliothibitishwa hivyo kikikaribia asilimia 100, mara nyingi maana yake ni kwamba karani aliishia kwenye daftari la maabara ya patholojia (inayochunguza vipande vya nyama ya mwili), asifike wodini wala kwenye vyeti vya vifo, na mgonjwa wa saratani ya ini, ambaye aghalabu hugunduliwa kwa altrasaundi bila kukatwa kipande cha nyama cha kupimwa, hakuandikwa popote. (Kosa la kinyume nalo lipo: nilimkuta mama mmoja ameandikishwa mara mbili, kwa jina la baba na la mume.) Kampala, yenye rejista tangu miaka ya 1950, makarani huzifuata taarifa hospitali kwa hospitali. Je, makarani wa rejista mlioko mikoani, wagonjwa wanaofia nyumbani mnawapataje?