Milimita 3: Je, daktari kijana abobee patholojia ya uzazi wa kike?

Mwambie mkuu wa idara kwamba ukimaliza MMed ya patholojia (shahada ya uzamili ya kuchunguza magonjwa kwenye tishu) ungependa kubobea kwenye viungo vya uzazi vya mwanamke: mlango wa kizazi, mji wa mimba, mirija, ovari, kondo. Mara nyingi jibu huja kabla hujamaliza sentensi. Wanapatholojia wenyewe ni wa kuhesabika, halafu wewe unataka kuchagua viungo?

Hoja hiyo haipuuziki. Katika nchi nyingi za kusini mwa Sahara, mwanapatholojia mmoja huhudumia watu zaidi ya 500,000. Kwenye hospitali ya kanda ni huyohuyo anayesoma titi, tezi, mfupa na seli zilizonyonywa kwa sindano kwenye uvimbe wa shingo, na polisi wakija na barua ya kuchunguza maiti, anaacha slaidi mezani na kuteremka mochwari. Akiondoka mwaka mzima kwenda kubobea, trei za slaidi zinarundikana. Akirudi, huenda asikute kiti kinachotofautisha ujuzi wake mpya na wa zamani, wala mshahara wake. Hata Marekani, ambako fani hii ina mwaka wake mmoja wa mafunzo baada ya miaka 3 au 4 ya patholojia, bodi ya patholojia ya huko haina mtihani wake wa pekee.

Wapinzani wana hoja nzito kuliko hizo. Makadirio ya 2020 ya GLOBOCAN, hazina ya takwimu za saratani duniani, yaliipa Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani ya mlango wa kizazi, na vifo zaidi ya 6,500. Wengi hufika na uvimbe unaovuja damu, unaoonekana kwa macho. Kinyama kikikatwa hapo, mwanapatholojia yeyote anakisoma kwa dakika mbili. Mama huyo hafi kwa sababu slaidi ilisomwa vibaya. Anakufa kwa kuchelewa, kwa nauli na kwa foleni ya mionzi. Mbobezi atamsaidia nini?

Kwa mama huyo, karibu hakuna. Ila hesabu hiyo imejengwa juu ya ugonjwa wa leo, na sera zote zinasukuma kuubadilisha. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka asilimia 70 ya wanawake wapimwe kwa kipimo bora wakiwa na miaka 35, na tena wakiwa na 45. Kadiri upimaji unavyofanikiwa, ndivyo vidonda vinavyofika maabara vinavyozidi kuwa vidogo, na kidonda kidogo ndicho kigumu kusoma. Wapo wanaosema hilo nalo halituhusu, kwa kuwa siku hizi mama hupimwa na kuchomwa kidonda kwa joto papo hapo, bila kinyama wala slaidi. Sawa. Lakini kuchoma kunaruhusiwa pale tu kidonda kinapoonekana chote, hakijaingia kwenye mfereji na hakitiliwi shaka ya saratani. Wengi wa wanaobaki ndio wanaokatwa kwa kitanzi cha waya wa umeme, na koni zao, yaani vipande vya mlango wa kizazi vyenye umbo la pia, ndizo zinazoletwa kwenye kichupa. Rahisi zimeishia kliniki, ngumu zimekuja kwetu.

Itazame koni moja kwa karibu. Ikiwa imekatwa vizuri, inakuja kipande kimoja, ina uzi wa alama saa 12 (penye namba 12 kwenye uso wa saa), na imezama kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, ya asilimia 10 yenye ujazo angalau mara 10 ya tishu. Kingo zinapakwa wino. Koni inakatwa vipande vya milimita 2 hadi 3 kwa mpangilio, vyote vinaingia kwenye kaseti (vikasha vya tishu) bila kubakiza na kugandishwa ndani ya nta, kisha nta inakatwa kwa unene wa mikroni 3 au 4. Kwenye hadubini unaona CIN3 (mabadiliko makali ya seli yanayotangulia saratani) imetanda na kuzama hata ndani ya tezi. Sehemu moja, ulimi mdogo wa seli umepenya chini. Hapo ndipo rula inapotolewa: kuanzia msingi wa utando ulikotoka ulimi ule hadi seli ya chini kabisa.

Kwa mfumo wa 2018 wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi na wanawake, kina cha hadi milimita 3 ni hatua IA1. Kikizidi 3 hadi 5 ni IA2. Zaidi ya 5 ni IB. Mwanamke wa miaka 29 mwenye IA1, kingo safi, bila seli ndani ya mishipa ya limfu, huenda koni ileile ikawa ndiyo tiba yake: anafuatiliwa na anaweza kubeba mimba. Ikivuka 3, tezi za limfu za nyonga zinaingia kwenye mjadala na upasuaji unakua. Ikivuka 5, kwa kawaida wanaanza kuzungumza kuondoa kizazi chote pamoja na tishu za kando yake, au mionzi, ambayo huzima ovari. Milimita 3 inazidi kidogo tu unene wa njiti ya kiberiti.

Kipimo hicho kinaharibika kwa njia nyingi. CIN3 iliyojaza tezi inasomwa kama uvamizi, wakati ukingo wake ni laini na umbo la tezi bado lipo. Ulimi wa kweli huwa na ukingo uliochanika, seli zake huwa za waridi zaidi, na tishu inayouzunguka huonyesha kusumbuliwa. Kipande kikilazwa mshazari kwenye nta, utando unaonekana mnene na kina kinapanda chenyewe. Dawa yake ni kuyeyusha nta, kukilaza upya na kukata tena, si kukisia. Koni ikija vipande vitatu bila uzi, hakuna anayeweza kuapa kuhusu kingo. Ukingo ulioungua na waya unaficha seli. Nafasi iliyoachwa na tishu kujikunja inadhaniwa ni mshipa, na mgonjwa anapandishiwa hatari asiyokuwa nayo. Mwanapatholojia wa kawaida ameyasoma yote haya. Ila kuna tofauti kati ya aliyeyaona mara tano na aliyeyaona mara mia tano, na tofauti hiyo hulipwa na mwanamke ambaye hatajua kamwe kwamba ilikuwepo.

Nje ya mlango wa kizazi orodha haiishi. Kizazi kikitumbukizwa kwenye ndoo bila kupasuliwa, fomalini hupenya takriban milimita 1 kwa saa, na utando wa ndani unaoza kabla haijaufikia. Mrija ukikatwa kipande kimoja cha kutimiza wajibu, ncha yake yenye vidole, ambako saratani nyingi kali zinazoitwa za ovari huanzia, haionekani kabisa. Mimba zabibu changa hufanana na mimba iliyoharibika tu. Kipimo cha p57, protini inayopakwa rangi kwenye slaidi, huwa hasi kwenye zabibu kamili, na jibu hilo husaidia kuamua kama mama atafuatiliwa homoni ya mimba, hCG, kila wiki au ataambiwa aende nyumbani.

Walakini, upande wa pili una jambo moja ambalo sisi tunaoipenda fani hii huliruka. Mafunzo ya nje yamejengwa kwa magonjwa ya huko. Utafundishwa kugawa saratani ya mji wa mimba kwa jeni ya POLE, protini ya p53 na vipimo vya protini zinazorekebisha DNA, jambo ambalo FIGO ililiingiza kwenye hatua za saratani hiyo mwaka 2023, kisha urudi mahali ambapo hakuna mashine ya kusoma POLE. Na mayai ya kichocho ndani ya mlango wa kizazi, ambayo Kanda ya Ziwa si kioja, huenda usiyaone mwaka mzima. Kwa hilo, mwalimu wako wa nyumbani ni bora kuliko profesa wa Boston.

Kwa hiyo anayeamua, na abobee bila kuiacha kazi ya kawaida: nusu ya trei ya wanawake, nusu ya kila kitu. Hilo linawezekana pale tu penye daktari wa upasuaji wa saratani za wanawake anayehitaji milimita zile, dawa za kupimia protini za p16, p53 na p57 zisizokatika stoo, na kikao cha wiki ambacho mwanapatholojia huweka slaidi ukutani na kuulizwa maswali. Pasipo hivyo, ujuzi utapata kutu ndani ya miaka miwili.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, omba faili la majibu ya koni za mwaka uliopita hapo unapofanya kazi. Hesabu ni ngapi zilifika na uzi wa saa 12, na ni majibu mangapi yaliandika kina kwa milimita badala ya "uvamizi upo". Hesabu hiyo mpelekee mkuu wa idara.