Kubana waya si ufundi

Jumamosi iliyopita, katika kikundi chetu cha jioni hapa Kisumu, kijana mmoja aligeuza kompyuta yake nione kazi. Alikuwa amemaliza kupanga waya za chipu yake, kikokotoo kidogo cha biti nane, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kufua na jua bado lipo. Waya nane za data zililala sambamba, bega kwa bega, na katikati yao, kwa kuwa palikuwa na upenyo, alikuwa amepitisha waya ya saa, ile inayopigia saketi nzima mdundo.

"Umebana mno," nikamwambia.

"Lakini mwalimu, kanuni zote zimepita."

Kweli zilikuwa zimepita. Na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kanuni za kiwanda zinauliza kama chipu inaweza kutengenezwa bila waya kugusana. Haziulizi kama waya zitasikilizana.

Anatumia teknolojia ya nanomita 130 ya SkyWater, watengenezaji wa chipu, ambayo kampuni hiyo na Google waliifungua kwa umma mwaka 2020. Bila hilo, kijana wa Kisumu angechora chipu wapi? Katika tabaka lake la kwanza la metali, waya inaruhusiwa kuwa na upana wa mikromita 0.14, na nafasi ya kuiacha na mwenzake ni 0.14 vilevile. Lakini kimo chake ni 0.36. Kwenye skrini tunaiangalia kutoka juu, tunaona uzi. Kumbe ni ukuta, na ukuta wa pili uko karibu kuliko nusu ya kimo chake.

Kuta mbili za metali zinazotazamana, katikati kuna kihami: hiyo ni kapasita, yaani kitu kinachohifadhi chaji, upende usipende. Waliopanga vyumba vya mabati Nyalenda hawahitaji maelezo zaidi. Redio ya jirani ni yako.

Sasa, watu wengi wakisikia krosutoki, yaani waya kuathiriwa na jirani yake, wanafikiria kelele tu: waya imetulia kwenye sifuri, jirani anaruka hadi volti 1.8, nayo inashtuka kidogo. Kwa waya ya data mara nyingi mshtuko huo unapita bila madhara. Kwa waya ya riseti, ile inayorudisha saketi mwanzo, unaweza kufuta kila kitu. Lakini kinachonisumbua mimi zaidi ni muda. Jirani akipanda wakati wewe unashuka, ile kapasita ya kati yenu inakuwa kama imezidishwa mara mbili, unachelewa. Mkipanda pamoja, ni kama haipo, unawahi. Kuchelewa unaweza kukutibu kwa kupunguza kasi ya saa. Kuwahi hakutibiki hivyo. Data ikifika mapema na kuikanyaga ile iliyotangulia kabla haijashikwa vizuri, punguza kasi utakavyo, chipu imekufa.

Programu nyingi za kupanga waya hujaribu kurekebisha haya mwishoni. Siziamini sana. Kufikia hapo njia zote zimeshachukuliwa. Ni sawa na kumtafutia abiria kiti Kondele kwenye matatu iliyojaa tangu stendi. Unamsogeza mmoja, unamkalia mwingine. Waya chache zenye shida, yaani saa, riseti na zile ndefu zinazokwenda sambamba kwa safari nzima, zitengewe nafasi kabla ya nyingine zote.

Wengine wakishaogopa huweka ngao kila mahali, yaani waya ya ardhi katikati ya kila mbili. Huo nao ni ubadhirifu. Ngao inakula njia, na yenyewe ni ukuta mwingine wa kuchajisha, kwa hiyo umeme unaliwa na mwendo unapungua. Muiwekee saa, basi. Kwa data, kwanza jaribu kubadilisha mpangilio: waya mbili zisizobadilika kwa wakati mmoja zinaweza kukaa jirani bila kuharibiana muda, na hilo halikugharimu nafasi yoyote. Likishindikana, ongeza upana wa pengo. Kuimarisha saketi inayosukuma waya dhaifu pia kunasaidia, ila ukizidisha, aliyekuwa anaonewa ndiye anakuwa mwonevu.

Tulikaa mpaka saa mbili usiku. Waya ya saa tukaipandisha tabaka la juu linalokwenda mkingamo, ili ikutane na data kwa kukatiza tu, na pale ilipolazimika kwenda sambamba na nyingine tukaiachia pengo mara mbili. Chipu ikanenepa kidogo. Kijana akanuna, yeye alishahesabu eneo na kuwatangazia wenzake.

Jana amenitumia picha ya toleo jipya. Waya ya saa imekaa kama chifu, nafasi kulia, nafasi kushoto. Katikati ya zile nane za data, palepale penye upenyo, sasa imepita riseti.