Mnauliza kama ana mume, presha hampimi

Klipu ile imenifikia kutoka kila upande: shangazi, jirani, hadi kundi la kwaya. Jamaa kavaa koti jeupe, anapaza sauti kwamba vidonge vya majira, hivi vya kuzuia mimba, "vinapasua mioyo ya mabinti".

Inaniudhi kwa sababu si uongo mtupu. Majira ya homoni mbili yana homoni iitwayo estrojeni, na estrojeni huifanya damu igande kwa urahisi, na kwa wengine hupandisha presha. Haya, tuhesabu sasa. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia, damu huwagandia mishipani kama 1 hadi 5 kwa mwaka. Wanaotumia ni 3 hadi 9. Wajawazito ni 5 hadi 20, na wiki za baada ya kujifungua ndizo mbaya kuliko zote. Hiyo ya mimba mwenye koti hakuigusa. Alisahau tu, nadhani.

Basi nendeni duka la dawa mwone tunavyowalinda hao mabinti. Juzi huku Mbagala kaingia mmoja, miaka 17 hivi, kanong'ona. Muuzaji akamjibu kwa sauti ya mnada: "Majira? Kwani una mume?" Hilo ndilo swali pekee aliloulizwa. Mashine ya presha ilikuwa pale pale kaunta, imebandikwa karatasi PRESHA 1,000, hakuna aliyeigusa. Hakuulizwa kama kwao kuna mtu aliyewahi kugandiwa damu, wala kama ana kipandauso kile cha kuona vimulimuli, ambacho mwenye nacho hapaswi kabisa kupewa vya homoni mbili. Kafungiwa vidonge kwenye gazeti, kaondoka.

Ila kinachonichemsha hasa ni valvu, vile vilango vya moyo vinavyopitisha damu. Hapa kwetu moyo wa binti mara nyingi huharibikia kooni. Mtoto anaumwa koo, anasukutuishwa maji ya chumvi badala ya kupewa penisilini, homa inarudi, viungo vinavimba, miaka inapita, valvu zinakakamaa. Wengine wanafika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hata ngazi hawapandi. Valvu zikishaleta mapigo ya ovyo au presha ya mapafu, estrojeni ni marufuku kwa binti huyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) hauna kigugumizi hapo. Na sisi tukisikia hivyo tu, vigelegele: si tulisema! Halafu tunamwacha hivyo hivyo, kana kwamba hatashika mimba. Mimba huongeza damu mwilini karibu nusu nzima, na valvu iliyobana haina pa kuipitishia. Akianza kuhema leba, ndugu watasema karogwa.

Huyu ndiye anayehitaji kinga ya mimba kuliko wote, na ipo, isiyo na estrojeni. Kijiti cha mkononi hakina neno kwake, sindano ya uzazi wa mpango haina neno, hata vidonge vya homoni moja. Vituo vya serikali havitozi. Daktari wa moyo amuulize habari hizo pale pale kliniki, na mama mtu atoke nje dakika tano, binti aseme kwa uhuru.